Hadhrat Salman Farsi r.a. na Dirhamu Zake Tatu

Ukitoka mji wa Baghdad, katika nchi ya Iraki, ukaufuata mto Tigris kuelekea kusini kwa kilomita 30 hivi, utafika penye gofu la jumba la wafalme wa Uajemi. Sehemu kubwa ya jumba hilo imekwisha anguka, lakini limebaki tao moja la matofali, refu na pana ajabu, na hata leo watu husimama chini yake wakainua vichwa kulitazama. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Madain, makao ya akina Kisra, ambao utajiri wao ulipigiwa mfano Arabuni kote. Jeshi la Waislamu liliuingia mji huo mwaka 637.

Si mbali na tao hilo pana kaburi. Aliyezikwa humo alipata kuwa liwali wa mji huo huo wa wafalme, na katika siku za uliwali wake alikuwa akisuka majani ya mtende kwa mikono yake apate chakula. Huyo ni Hadhrat Salman Farsi r.a., Sahaba wa Mtume Mtukufu s.a.w., na mji mdogo uliopo hapo siku hizi unaitwa kwa jina lake, Salman Pak.

Ndugu msomaji, nimemchagua Sahaba huyu kwa sababu ya swali linaloulizwa sana na ndugu zetu wapya, na pia na wale ambao bado wanauchunguza Uislamu. Wao husikia kwamba dini hii imetilia mkazo sana utoaji wa sadaka, kisha wakitazama mifuko yao huiona mitupu. Mshahara ni mdogo, watoto ni wengi, karo inadaiwa, na jirani naye ana shida zake. Basi hujiambia kwamba watatoa Mungu akiwajalia mali, na kwa sasa wahesabiwe miongoni mwa wenye udhuru. Wapo na wengine ambao husikia habari za zuhudi wakadhani kwamba mcha Mungu hana budi kuwanyima hata mkewe na wanawe. Maisha ya Hadhrat Salman r.a. yanayasahihisha mawazo haya yote mawili.

Alizaliwa katika kijiji cha Jayy, karibu na Isfahan. Baba yake alikuwa mwenye mashamba na mkuu wa kijiji, na dini yao ilikuwa ya Kimajusi. Mzee huyo alimpenda mwanawe kupita kiasi, hata akawa anamfungia nyumbani kama mwari awekwavyo ndani, na kazi aliyopewa kijana ilikuwa kuuchunga moto mtakatifu usizimike. Siku moja baba alishughulika na ujenzi, akamtuma shambani. Njiani kijana alipita penye kanisa, akasikia watu wakisali, akaingia kutazama, na hakutoka mpaka jua lilipokuchwa, shambani hakufika. Aliporudi nyumbani akaeleza alichokiona, na akasema kuwa dini ile aliiona bora kuliko yao. Baba akamtia pingu za miguu. Naye akapata nafasi, akazivua, akafuatana na msafara wa wafanyabiashara mpaka Shamu. Hakuirudia tena nyumba ya utajiri aliyozaliwa.

Huko Shamu aliuliza ni nani mjuzi kuliko wote katika dini ile, akaelekezwa kwa askofu, akaomba kukaa kwake, kumtumikia na kujifunza. Hapa, msomaji, ndipo alipopata somo lake la kwanza kuhusu sadaka, nalo lilikuwa somo chungu. Askofu yule alikuwa akiwahimiza watu kutoa, na watu wakitoa, wakimletea yeye awagawie maskini. Yeye hakumgawia mtu. Alijirundikia mwenyewe, mwaka hata mwaka, mpaka ikajaa mitungi saba ya dhahabu na fedha. Kijana aliyekuwa akifagia nyumba aliiona mitungi hiyo, akanyamaza, lakini moyo wake ulimchukia bwana wake chuki kubwa.

Askofu alipokufa, watu wakakusanyika kumzika kwa heshima zote. Hapo ndipo Salman alipofumbua kinywa. Akawaambia jinsi mambo yalivyokuwa. Wakataka ushahidi, akawaongoza, wakaitoa mitungi yote saba, wakaihesabu kwa macho yao. Wakaapa kwamba mtu yule hatazikwa, wakamtundika wakampiga mawe. Kisha wakamweka mtu mwingine mahali pake, na Hadhrat Salman r.a. alipokuwa akisimulia habari hizi baadaye, yeye akiwa tayari ni Mwislamu, alimshuhudia huyu wa pili kwamba hakuwa amepata kumwona mtu wa ibada zaidi yake, wala mwenye kuipa dunia kisogo zaidi yake, na kwamba alimpenda sana.

Wasomaji wetu Wakristo wasidhani kwamba nimeileta habari ya mitungi ili kulicheka kanisa. Ugonjwa huo hauna dini maalumu. Hupatikana popote penye sanduku la michango na mtu mmoja mwenye ufunguo. Ninachotaka ukishike ni hiki, kwamba kijana huyu alijua mapema sana kuwa senti ya maskini inaweza kupotea katikati ya mkono unaotoa na kinywa chenye njaa. Mimi nadhani jambo hili halikumtoka maisha yake yote, na utaona mbele namna alivyokuwa akitoa sadaka zake.

Yule askofu mwema naye alipofikwa na mauti, alimwelekeza kwa mtu wa Mosul. Wa Mosul akamwelekeza Nasibini. Wa Nasibini akamwelekeza Ammuriya, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Huko Ammuriya alifanya kazi, akapata ng'ombe kadhaa na kondoo. Mzee wa Ammuriya, alipokuwa kitandani karibu na kufa, alimwambia kwamba hakumjua mtu mwingine wa kumpeleka, lakini wakati wa Nabii wa nchi ya Waarabu ulikuwa umekaribia. Nabii huyo angehamia katika nchi ya mitende iliyo kati ya ardhi mbili za mawe meusi, na alama zake zingekuwa tatu: hali sadaka, bali akipewa zawadi hula, na kati ya mabega yake pana muhuri wa unabii.

Salman akawapa wafanyabiashara wa Kiarabu ng'ombe na kondoo wake wote wamchukue Arabuni. Wakamchukua, walipofika Wadil Qura wakamfanyia khiana, wakamwuza kama mtumwa. Aliyemnunua akamwuza tena kwa jamaa yake wa kabila la Banu Quraiza, aliyemleta Madina. Alipoiona ile mitende na mawe meusi, akafahamu kwamba amefika, ingawa amefika akiwa mali ya mtu.

Alikuwa juu ya mtende akifanya kazi, na bwana wake ameketi chini, alipokuja mtu na kusema kwamba watu wamekusanyika Quba kwa ajili ya mtu aliyetoka Makka. Huo ulikuwa mwaka 622. Kwa jinsi mwili ulivyomtetemeka alikaribia kumwangukia bwana wake. Aliposhuka na kuuliza ni habari gani, alipigwa ngumi na kuamriwa arudi kazini kwake.

Jioni ile alichukua tende kidogo alizokuwa amejiwekea akiba, akaenda Quba. Akamwambia Mtume Mtukufu s.a.w. kwamba amesikia yeye ni mtu mwema na pamoja naye wako wageni wahitaji, basi amewaletea sadaka. Mtume Mtukufu s.a.w. akawaambia Masahaba wake wale, naye akauzuia mkono wake. Salman akahesabu moyoni alama ya kwanza. Mara nyingine, Madina, akaleta tende tena, akasema kuwa hizi ni zawadi. Mtume Mtukufu s.a.w. akala na wenzake wakala. Hiyo ikawa ya pili. Ya tatu aliiona makaburini Baqii, wakati wa maziko, akainama akaubusu muhuri huku akilia.

Fikiri kidogo, msomaji. Kiongozi wa kwanza wa dini aliyemtumikia alizila sadaka za maskini; huyu wa mwisho hakuzionja hata tende moja. Katika miujiza yote ambayo mtu angeweza kuitaka, Hadhrat Salman r.a. alipewa hii ndogo ya mezani, nayo ilimtosha. Tena angalia kwamba tende zile zilitolewa na mtumwa, mtu ambaye hata mwili wake haukuwa wake. Mwenye kudhani kwamba sadaka ni ya matajiri na ajiulize ni nani aliyekuwa maskini zaidi jioni ile pale Quba.

Utumwa ulimzuia asihudhurie vita vya Badr wala Uhud. Basi Mtume Mtukufu s.a.w. akamshauri aandikiane na bwana wake mkataba wa kujikomboa. Bei aliyotakiwa ilikuwa nzito: miche 300 ya mitende, apandiwe bwana na ishike ardhini, pamoja na wakia 40 za dhahabu.

Lau angalikuwapo tajiri mmoja wa kutoa miche yote kwa siku moja, kisa hiki kingalikuwa kifupi. Haikuwa hivyo. Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaambia Masahaba wamsaidie ndugu yao, nao wakaja kila mmoja na alichokuwa nacho katika shamba lake. Huyu alileta miche 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, mpaka ikatimia 300. Kisha wakamsaidia kuchimba mashimo. Mashimo yalipokuwa tayari Mtume Mtukufu s.a.w. alikwenda mwenyewe, wao wakawa wanamsogezea miche, naye akaipanda kwa mkono wake, na Hadhrat Salman r.a. amesimulia kwamba haukufa hata mche mmoja. Dhahabu nayo ilipatikana baadaye. Mtume Mtukufu s.a.w. aliletewa kipande cha dhahabu chenye ukubwa wa yai la kuku kutoka kwenye machimbo, akamwita Salman akampa, na kilipopimwa kikalipa deni lote.

Historia imehifadhi majina ya watu wengi waliofanya makubwa siku zile. Jina la mtu aliyeleta miche 10 halikuandikwa katika kisa hiki. Huenda alikuwa na kishamba kidogo tu, na huenda aliona haya kusimama na miche 10 nyuma ya mtu mwenye 30. Lakini ukiitoa ile 10, hesabu inabaki 290, na mwenye mtumwa hakukubaliana na 290. Mtu mmoja angebaki mtumwa.

Basi akawa huru, na vita vyake vya kwanza vikawa vya Khandaq, mwaka 627. Shauri la kuchimba handaki kuuzuia mji lilitoka kwake, kwa kuwa Waajemi walilijua na Waarabu hawakulijua. Wanahistoria wanaeleza kwamba Wahajiri walidai Salman ni wao, na Ansari wakadai ni wao, ndipo Mtume Mtukufu s.a.w. akamhesabu kuwa ni wa nyumbani kwake. Mengi yamekwisha andikwa juu ya jambo hilo, nami nalipita upesi.

Nataka nikae zaidi kwenye ziara aliyofanya nyumbani kwa Hadhrat Abu Darda r.a., aliyeunganishwa naye katika undugu wa Madina. Kisa chenyewe kimo katika Sahih Bukhari. Hadhrat Salman r.a. alimkuta mke wa nduguye amevaa nguo duni, amejiacha, akamwuliza sababu. Mama yule akajibu kwa adabu, lakini kwa maana nzito, kwamba nduguyo huyu hana haja na dunia. Mwenye nyumba akaja, akaandaa chakula, akamkaribisha mgeni ale, yeye mwenyewe akasema amefunga. Mgeni akakataa kula mpaka mwenyeji naye ale, ikambidi ale. Usiku Abu Darda r.a. akataka kusimama kuswali, mgeni akamwambia alale. Akataka tena, akamwambia alale. Ulipofika mwisho wa usiku akamwamsha, wakaswali pamoja. Kisha akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki, hivyo ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofikishwa kwa Mtume Mtukufu s.a.w., akasema kuwa Salman amesema kweli.

Kina baba wanaosoma ukurasa huu waisome habari hiyo mara mbili. Mtu anayejipatia sifa ya zuhudi kwa nguo chakavu za mkewe hakufuata njia ya Salman r.a. Kubana matumizi ni jambo jema, lakini kwanza ujiulize unabana ya nani.

Baada ya kufariki kwa Mtume Mtukufu s.a.w. na Hadhrat Abu Bakr r.a., dola ya Uajemi ilipokwisha anguka, Khalifa wa pili Hadhrat Umar r.a. alimfanya Hadhrat Salman r.a. kuwa liwali wa Madain. Tafakari jambo hili. Mwana wa mkuu wa kijiji cha Uajemi, aliyetoroka na kuuzwa utumwani, amerudi kutawala mji mkuu wa Uajemi. Imepokewa kwamba posho yake kutoka hazina ilikuwa dirhamu 5,000, na kwamba watu waliokuwa chini yake walikuwa kiasi cha 30,000. Aliwahutubia watu hao akiwa na joho moja, nusu yake ameitandika chini, nusu amejifunika. Posho ilipotoka aliigawa yote. Yeye alikula kazi ya mikono yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kusuka majani ya mtende. Wanawake wa pwani yetu, wasukao ukili wa mikeka na vikapu kwa ukindu, wataijua bila kuelezwa. Wanajua namna kidole kinavyokatika, na namna mgongo unavyouma, na jinsi bei ya mkeka isivyolingana na siku zilizoingia humo. Hesabu ya Hadhrat Salman r.a. aliieleza mwenyewe. Alinunua majani ya dirhamu moja, akayasuka, akaviuza alivyosuka kwa dirhamu tatu. Dirhamu moja aliirudisha kununua majani mengine. Moja aliitumia kwa watu wa nyumbani kwake. Moja aliitoa sadaka. Na akaongeza kusema kwamba hata kama Hadhrat Umar r.a. angemkataza asingeiacha kazi hiyo.

Wanafunzi wangu hapa chuoni, kila nikifika mahali hapa, huikimbilia dirhamu ya sadaka na kuisifu. Mimi huwarudisha kwenye ile ya majani. Asingeirudisha ile, kesho asingekuwa na cha kusuka, na keshokutwa asingekuwa na cha kutoa, bali angekuwa yeye ndiye wa kupewa. Watu wangapi wenye moyo mwema tumewaona wakitoa mtaji wao wote kwa furaha ya siku moja, kisha wakawa mzigo kwa jamaa zao? Dirhamu ya majani haionekani na mtu, haishukuriwi na mtu, lakini ndiyo iliyoizaa ya sadaka kila mara. Na ile ya nyumbani hakuigusa kwa ajili ya sadaka. Mtu aliyemwambia Abu Darda r.a. kuwa watu wa nyumbani wana haki hakuisahau haki hiyo alipokuwa na dirhamu tatu tu mkononi.

Utaniuliza: mbona zile 5,000 hakuzigawa mafungu matatu? Jibu ninaloliona mimi ni kwamba zile hazikuwa jasho lake, nazo zilitoka katika hazina ya watu. Akaona heri zirudi kwa watu. Kile alichokitolea jasho alikigawa kwa uangalifu wa mfanyabiashara.

Na hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo kwa mbali hufanana. Bahili na mwekevu ukiwatazama njiani wote wana kanzu moja iliyofifia, wote wanakula mkate mkavu, wote wanazima taa mapema. Huwezi kuwajua kwa kanzu. Utawajua ukiuliza iko wapi ile dirhamu iliyookolewa. Ya bahili imo mtungini. Ya Hadhrat Salman r.a. ilikuwa imekwisha kwenda kwa jirani kabla ya jua kuchwa. Kurani Tukufu, katika sura ya Al-Furqan, inawasifu waja wa Mungu kwamba katika matumizi yao hawafuji wala hawafanyi uchoyo, bali hukaa katikati, na mimi sijui mfano ulio wazi wa katikati hiyo kuliko mikono ya msusi huyu.

Sasa, dirhamu ile ya sadaka ilikwenda wapi? Tumehifadhiwa habari moja nzuri sana. Alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, na akipata kitu hununua nyama au samaki, kisha huwaita watu wenye maradhi ya ukoma wakaja kula pamoja naye. Angalia, msomaji, neno hilo la pamoja naye. Liwali angeweza kutuma sahani mlangoni mwao. Yeye aliketi nao penye sahani moja, na watu ambao wengine waliwakimbia. Dirhamu moja haijengi hospitali. Hununua samaki wa kuwatosha watu wachache wa mtaani, na siku ya pili inatafutwa nyingine. Sadaka ya namna hii haipotei njiani, maana mtoaji anamwona anayekula. Aliyekuwa amehesabu mitungi saba alijua sababu ya kufanya hivyo.

Nawe huna haja ya kwenda mbali. Yuko kikongwe wa nyumba ya tatu asiye na wa kumtekea maji. Iko madrasa yenye bati moja linalovuja. Wako vijana wa mtaa wanaochangishana kumpeleka mgonjwa hospitali, nao wanakosa nauli tu. Hao ndio wanaoingoja dirhamu ya mtu mwenye dirhamu tatu.

Habari nyingine za uliwali wake watu huzisimulia kwa kucheka, na si vibaya kucheka. Mtu mmoja wa Shamu alikuja na mzigo, akamwona mtu amevaa kimaskini, akadhani ni hamali, akamwita ambebee. Hadhrat Salman r.a. akaubeba. Njiani watu wakamsalimu kwa cheo chake, yule mgeni akataharuki, akaomba radhi, akataka aushushe. Akakataa kuushusha mpaka alipoufikisha nyumbani kwa mwenyewe. Siku nyingine alikutwa akikanda unga. Alipoulizwa, akasema kwamba mtumishi ametumwa kazi nyingine, naye hapendi kumpa kazi mbili kwa pamoja. Tena kuna mtu aliyetaka kumjengea nyumba. Hakuitaka, kwani alizoea kukaa penye vivuli. Mtu yule akamweleza kwamba anaijua nyumba itakayomfaa: akisimama itamgusa kichwa, na akilala ukuta utamgusa miguu. Ndipo akakubali.

Na mara moja alipata wageni, akawawekea mkate na chumvi, akawaambia kwamba lau wasingekatazwa kujikalifisha kwa ajili ya wageni angewafanyia zaidi. Mmoja wao akatamani majani ya kiungo ya kutilia katika chumvi. Hadhrat Salman r.a. hakuwa na pesa; akachukua chombo chake cha kutawadhia, akakiweka rehani kwa mwuza mboga, majani yakaletwa. Walipokwisha kula, mgeni yule akamshukuru Mwenyezi Mungu aliyewafanya waridhike na walichopewa. Mwenyeji akamwambia kuwa kama angeridhika, chombo chake kisingekuwa kwa mwuza mboga.

Wengi wa wanahistoria wanasema kwamba alifariki hapo Madain katika ukhalifa wa Hadhrat Uthman r.a., aliyetawala tangu mwaka 644 hadi 656. Alipokuwa mgonjwa, Hadhrat Saad bin Abi Waqqas r.a. alikuja kumtazama, akamkuta analia. Akamwuliza analia nini, na hali yeye alikuwa swahibu wa Mtume Mtukufu s.a.w., na Mtume alifariki akiwa radhi naye. Akajibu kwamba halii kwa kuogopa mauti wala kwa kuitamani dunia. Analia kwa sababu Mtume Mtukufu s.a.w. aliwausia kwamba fungu la mmoja wao katika dunia liwe kama masurufu ya msafiri, naye anajiona amevuka mpaka, amezungukwa na vitu vyote hivi. Saad r.a. akatazama vitu vyenyewe. Kulikuwa na bakuli, beseni la kufulia na chombo cha kutawadhia.

Akamwomba mkewe alete miski aliyokuwa amemwekea, aichanganye na maji na kuinyunyiza pembeni ya kitanda, kwa kuwa watakuja wageni wasiokula chakula. Kisha akamwambia ashuke na kumwacha kidogo. Aliporudi alimkuta amekwisha kata roho.

Alipozikwa, wakatazama alichoacha. Hazikupatikana ila dirhamu 20 na kitu, ambazo zilikuwa za matumizi ya nyumbani.